Mlio wa Breki Njiani Kwenda Kakesio

Siku moja imebaki kichwani mwangu nzima kama ilivyokuwa, mwanangu, na leo nakusimulia kwa sababu jana niliisikia pikipiki yako ikilia ulipofunga breki hapo nje, nawe ukashuka ukiimba. Keti. Andika kama ninavyosema, usiniongezee maneno.

Ilikuwa miaka ya sabini. Baba yako Safari alikuwa ameanza kutembea, nikamwacha kwa bibi yake hapa Daa, Karatu. Babu yako alikuwa mchanja ng'ombe, amepewa pikipiki ya kazi, na asubuhi hiyo alitakiwa kufikisha chanjo Kakesio, ambako mifugo ilikuwa inakufa kwa homa ya mapafu. Chupa za dawa zilikuwa ndani ya sanduku la barafu lililofungwa kwenye keria. Barafu ikiyeyuka, dawa imeharibika, na ng'ombe wote waliokusanywa wangerudi malishoni bila kinga. Mara iliyotangulia chupa zilivunjika kwa kurushwarushwa, ndiyo maana niliketi katikati, nikilizuia sanduku kwa mgongo wangu. Nilijua nimebeba nini.

Tuliupanda msitu wa Ngorongoro katika ukungu, pikipiki ikivuta vizuri. Tulipofika juu na njia ikaanza kushuka na kupanda, kila babu yako alipokanyaga breki nilisikia chini yangu: ko!

Nikamgusa bega. "Baba Safari, huku nyuma kunagonga."

"Ni vumbi, Mama Safari. Limeingia kwenye breki, litatoka lenyewe."

"Vumbi linakwaruza. Hiki kinagonga."

"Nawe umekuwa fundi tangu lini?"

"Sina ufundi. Nina masikio, na mlio wenyewe nimeukalia."

Akacheka, akaendelea. Mbele yetu ulikuwa mteremko wa kuelekea Endulen, mawe matupu, na upande mmoja korongo. Nikamwambia, "Basi niteremshe. Nitashuka kwa miguu yangu, wewe nenda na vumbi lako."

Alisimama. Alikasirika, sikufichi, alikuwa akilitazama jua, kisha sanduku, kisha mimi. Lakini alisimama.

Sasa sikiliza nilivyofanya, na uelewe nilikojifunzia. Nilipokuwa msichana wa kuchunga, nilimkimbilia mama yangu kumwambia ng'ombe anakohoa. Hakunyanyua hata kichwa. Alinikemea: "Kukohoa nimekusikia. Rudi ukatazame anakohoa akifanya nini. Akinywa? Akipanda? Akilala?" Nilirudi machozi yakinitoka. Tangu hapo sikuuliza tena mlio ni wa kitu gani kabla sijajua unakuja wakati gani.

Nikamwambia babu yako azime injini, maana kelele moja huifunika nyingine. Nikaisukuma pikipiki, yeye akashika breki ya mbele. Kimya. Nikasukuma tena, akakanyaga ya nyuma. Ko! Mara moja tu, mwanzoni, kisha kimya. Akairudisha nyuma kidogo na kukanyaga tena, ikagonga tena. Hapo hata yeye aliacha kulitazama jua.

Nikachuchumaa, nikaweka vidole kwenye gurudumu la nyuma, mahali pamoja baada ya pengine, huku yeye akikanyaga na kuachia. Pale penye ufito wa chuma unaoizuia breki isizunguke pamoja na gurudumu, kitu kiliruka chini ya kidole changu. Nati ilikuwa imeanguka zamani. Bolti ilikuwa imetoka nusu, imeshikwa na udongo mwekundu wa Karatu ulioganda juu yake. Ingechomoka katikati ya mteremko ule, gurudumu lingejifunga ghafla, na korongo lilikuwa pale pale.

Babu yako aliikagua muda mrefu, akakaa chini kwenye majani. "Mama Safari," akasema, "nisamehe masikio yangu."

"Yasamehe baadaye. Bolti nyingine tunapata wapi?"

Tukaitoa kwenye keria, bolti na nati yake, ikaingia sawasawa. Keria ikalegea, haikuweza tena kubeba mzigo. Basi nikavua kanga yangu ya juu, nikalifunga lile sanduku mgongoni kama mtoto. Baridi ya barafu ilinipenya hadi kwenye mbavu, lakini tuliuteremka mlima breki ikishika kimya kabisa.

Kakesio, vijana walikuwa bado wameizuia mifugo. Mzee mmoja wa Kimaasai alinijia, akanisalimu kwa lugha yake kama mama.

"Takwenya, yeyo."

"Iko," nikaitikia.

"Huyo mtoto mbona halii?"

"Ana baridi, baba."

"Basi mshushe upesi, ng'ombe wangu wanamsubiri!"

Walicheka watu wote. Barafu ilikuwa bado inagongana ndani ya sanduku, na hakuna aliyerudisha ng'ombe wake bila kuchanjwa. Babu yako, aliyekuwa mtu wa kujivuna, alisimulia habari ile mnadani Karatu mpaka watu wakaichoka, na kwa maisha yake yote hakuondoka nami kabla ya kuniuliza, "Unasikia nini?" Hilo ninajivunia, na sitaomba radhi.

Kwa hiyo shika haya, mwanangu. Breki ikikwaruza muda wote unaoikanyaga, fungua utazame viatu vyake kama vimelika. Ikilia kwa sauti nyembamba baada ya vumbi au matope, isafishe. Ikigonga mara moja mwanzoni, kipo kilicholegea. Usiteremke kilima kabla hujakiona. Usiukimbie mlio kwa kuongeza mwendo wala kwa kuimba. Na abiria wako akikugusa bega, hata awe bibi kizee mwenye kikapu cha kuku, simama umsikilize, kwa sababu uhai ulio juu ya pikipiki hiyo si wako peke yako. Nawe ukiwa abiria, usinyamaze kwa heshima.

Mungu akulainishie njia zote, za kupanda na za kushuka. Unaowabeba wafike, na wewe ufike. Nenda sasa ukalete spana.