Bethidei ya Mawe

Binti yangu alipokaribia kutimiza miaka minane alitaka afanyiwe bethidei ya mawe. Aliniambia kwa simu, yeye akiwa Songwa kwa bibi yake, mimi nikiwa Geita kwenye kibaraza changu, nashona ovaroli ya mchimbaji. Nilisimamisha cherehani nimsikie vizuri.

"Ya mawe kivipi?" nikamuuliza.

"Ya mawe tu, baba. Mawe mazuri."

Nilimsikia bibi yake akisema kwa nyuma, "Mwambie baba yako asijisumbue. Nitakupikia wali huku huku."

Mkwe wangu hakuwa na kawaida ya kusema nami moja kwa moja. Kwetu Wasukuma, mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali, na simu haikubadilisha jambo hilo. Maneno yote yalipitia kwa mtoto, hata pale ambapo kila mmoja wetu alikuwa anamsikia mwenzake waziwazi.

"Mwambie bibi kwamba safari hii nataka uje ufanyie kwangu. Shule si zinafungwa?"

Nikawasikia wananong'onezana. Kisha mtoto akasema, "Bibi anasema sawa."

Mke wangu alifariki mtoto huyo akiwa na miaka minne. Homa ilimwanza kama homa za siku zote, na kabla wiki haijaisha tulikuwa tumemzika kwao Songwa. Baada ya matanga wakubwa wa pande zote mbili walikaa, wakaona kwamba mtoto mdogo wa kike hawezi kulelewa na mwanaume anayeshinda kwenye cherehani kuanzia asubuhi mpaka giza. Sikubisha. Nilirudi Geita peke yangu, nikaendelea kushona. Tangu hapo nilikuwa namwona mtoto sikukuu kwa sikukuu, na kila nikienda nilimkuta amerefuka na ananiheshimu zaidi.

Ndiyo maana ile bethidei niliichukulia kama jambo kubwa. Sikumwambia mtu, lakini moyoni nilikuwa nawaza kwamba ikipendeza, huenda mtoto akataka kubaki.

Nilianza na mawe yenyewe. Chini ya kilima kuna kina mama wanaoponda kokoto, nikawaendea nikawaomba waniuzie mawe madogo, ya mviringo, yasiyopondwa.

"Ya kujengea nini hayo?" mmoja akaniuliza.

"Ya bethidei ya mtoto."

Wakaangaliana, wakacheka mpaka mmoja akaweka nyundo chini. Hata hivyo walinichagulia, wakanijazia kiroba. Jirani na kibaraza changu kuna fundi anayepaka magari rangi. Alinipulizia mawe yote rangi ya dhahabu, tukayatandaza kwenye bati yakauke. Yalipokauka yaling'aa sana, nikafurahi. Niliwaza kwamba nitayafukia kwenye lundo la mchanga lililobaki uani tangu mwenye nyumba alipojenga choo, watoto wachimbe, kila atakayepata jiwe apewe zawadi.

Hapo kwenye neno watoto ndipo nilipokwama. Watoto gani? Binti yangu hakuwa na rafiki hata mmoja Geita. Na mimi, nilipojaribu kufikiria nyumba ninayoweza kubisha hodi niseme njooni kwangu, sikuipata. Nilikuwa nimeishi mtaa ule miaka mingi. Watu nilikuwa nawajua kwa vipimo. Huyu kiuno chake kipana, yule mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, huyu anapenda mifuko mikubwa ya mapajani. Walikuja, nikawapima, wakachukua nguo zao wakaenda. Mke wangu ndiye aliyekuwa na watu. Alipoondoka, wale watu walikuja kunipa pole, na walipomaliza pole hawakuwa na la kuja kufanya kwangu tena.

Nilikaa na jambo hilo moyoni siku kadhaa. Mwishowe nikaenda kwa jirani wa mlango wa pili, mama mmoja wa Kiislamu anayeuza vitenge sokoni. Babu yake alitoka Pangani zamani kufuata biashara, na Kiswahili cha nyumbani kwake kilikuwa laini kuliko chetu sote. Alikuwa na watoto watatu. Nilibisha hodi nikabaki nje.

"Karibu, fundi. Mbona husogei?"

"Hapa panatosha, dada. Nina shida ndogo. Mwanangu anakuja, nataka kumfanyia bethidei. Sasa sina watoto wa kuwaalika."

Nilivyolisema nikaona lilivyo la aibu. Yeye hakucheka.

"Unamfanyia lini?"

"Jumamosi ijayo."

"Wangu watakuja. Nitawaambia na wa nyumba zile za nyuma. Chakula nani anapika?"

"Nimefikiria soda na keki."

"Soda na keki," akarudia, akatikisa kichwa. "Ingia ndani, fundi. Ukisimama mlangoni hivyo watu watadhani unanidai."

Nikaingia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa ndani ya nyumba ile. Nilipomweleza habari ya mawe alifikiri kidogo, akasema atapika visheti, kwa sababu kisheti kikishaganda sukari kinafanana na jiwe jeupe, na kashata za karanga, ambazo tutazivunja kwa nyundo mbele ya watoto. Alivyokuwa anapanga, nilihisi kama nimepokelewa mzigo begani.

Nilikwenda kumchukua mtoto mwenyewe, kwa basi linalopita Bulyanhulu na Kahama hadi Shinyanga, kisha Songwa. Alinipokea kwa kupiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo."

Mkwe wangu alinisalimia kupitia kwa mtoto, yeye akiwa ndani, nami nikamwitikia nikiwa nje nimetazama upande wa zizi, kama inavyopasa. Mtoto alikuwa na begi moja na kopo la maziwa ya unga lililofungwa kitambaa mdomoni. Ndani ya basi alilipakata njia nzima. Nilipomuuliza lina nini, alisema ni mawe yake, yeye na bibi huyaokota wakienda kuchota maji.

Nyumbani kwangu alikaa kama mgeni. Aliomba ruhusa ya kufungua dirisha. Alitandika kitanda nilichomwachia kabla sijaamka, maana mimi nililala kwenye mkeka chumba cha mbele. Akitaka maji ya kunywa alisubiri mpaka nimtazame. Nilitamani avunje kikombe, au akatae kula, afanye lolote ambalo mtoto hulifanya kwao.

Ijumaa jioni nikamwonyesha mawe ya dhahabu. Alichuchumaa akayatazama.

"Ni mazuri, baba."

"Unayapenda?"

"Ndiyo." Akaokota moja, akaligeuza. "Ndani yana rangi gani?"

Nikamwambia sijui, sikuyaangalia kabla ya kuyapaka. Akaitikia kwa kichwa, akalirudisha taratibu mahali lilipokuwa.

Siku ya bethidei watoto walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Jirani alitundika puto mlangoni na kutandika vitenge uani. Keki nilimwagizia mama mmoja wa mjini, nikamwambia iwe na umbo la jiwe. Ilitoka ya kijivu, ya mraba, kama tofali la saruji. Watoto waliizunguka wakaigusa kwa vidole.

Kuchimba kulikwisha upesi kuliko nilivyopanga. Hawa ni watoto wa Geita, baba zao wana maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, wengine ni madalali wa dhahabu, na mchanga wanaujua. Waliuvamia ule mchanga, wakatoa mawe yote kabla sijamaliza kueleza masharti. Kisha mmoja wao akalikwaruza jiwe lake kwa ukucha, rangi ikabanduka.

"Hii feki," akasema, bila ubaya wowote. "Dhahabu haibanduki."

Wenzake nao wakakwaruza. Wakachukua zawadi zao, wakaenda kwenye soda, na mawe yangu yakabaki yametapakaa uani. Nilisimama mlangoni na sinia la visheti, sijui niende wapi nalo. Kina mama walioleta watoto walikuwa wamekaa pamoja upande wa pili, wanaongea habari zao. Hakuna aliyenifukuza, na hakukuwa na mahali pangu pale.

Binti yangu alikuwa amekaa pembeni ya karai la kufulia. Nilimwona anakwenda kwenye pipa, anachota maji, anayamimina kwenye karai. Akafungua kopo lake, akaanza kuyaweka mawe majini moja moja. Hayakuwa na thamani yoyote, mawe ya njiani tu. Lakini yalipolowa yakageuka. Moja likawa jekundu kama nyama, jingine la kijani cha chupa, jingine jeupe lenye mstari mweusi katikati. Mtoto mmoja akasogea, halafu wa pili, mwishowe wote walikuwa wamechuchumaa kuzunguka karai.

"Unayauza?" mtoto mdogo wa jirani akauliza.

"Siyauzi. Ni ya kuangalia." Akanyoosha kidole. "Hili ndilo lenye rangi nzuli zaidi."

Wakacheka kidogo kwa lile "nzuli" lake, lafudhi ya kwao, na yeye akacheka pia. Haikuchukua muda, wakaanza kulizungusha karai kama wanavyoona wakubwa wakiosha mchanga wa dhahabu mwaloni, penye maji. Mmoja akawa mwenye duara, mwingine dalali anayelalamika bei. Nilikuwa sijamsikia binti yangu akipaza sauti. Siku ile nilimsikia. Nikaweka sinia chini.

Wakati wa keki, jirani ndiye aliyesimamia. Wakaimba, mtoto akakata, akanilisha mimi kwanza. Mkono wake ulikuwa bado umelowa. Hapo mtoto mmoja wa nyumba za nyuma akauliza kwa sauti, "Sasa amlishe mama yake. Mama yake yuko wapi?"

Kina mama wakageuka kunitazama.

"Yuko Songwa," binti yangu akajibu, akaendelea kukata keki.

Sikujua anamsema nani. Kaburi la mama yake liko Songwa, na bibi yake naye, mara nyingine mtoto humwita mama. Sikumuuliza wakati ule, wala sijamuuliza mpaka leo. Jirani akapanua mdomo akasema, "Basi nilishe mimi, nina njaa," na watoto wakacheka, mambo yakaendelea.

Jioni, wageni walipoondoka, tuliosha vyombo pamoja uani. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu asubuhi, lakini yalitoka vibaya.

"Kuna shule hapo karibu, unaijua? Ile yenye ukuta wa bluu. Watoto wa jirani wanasoma pale. Ungependa kukaa huku?"

Aliendelea kusuuza sahani. Alipomaliza akaiegemeza ukutani, akajibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuvunja adabu.

"Bibi akishtuka usiku huwa ananiuliza kama nimelala."

"Na wewe unamjibuje?"

"Namwambia nimelala."

Akachukua sahani nyingine. Kwake jibu lilikuwa limekamilika, na nilipolifikiria nikaona ni kweli limekamilika: akikaa kwangu, bibi yake usiku atamuuliza nani? Nikamwambia nimeelewa. Akauliza kama nimekasirika, nikasema hapana, akaniambia bethidei ilikuwa nzuri sana. Safari hii neno "nzuri" alilitamka kwa uangalifu, kama alivyofundishwa shuleni.

Likizo ilipokaribia kwisha nikamrudisha. Tulifika Songwa mchana, upepo unavuma, vumbi jeupe la mgodi wa almasi limetanda upande wa magharibi. Alipoiona nyumba aliniachia mkono akakimbia, begi likimpiga mgongoni. Nilimsikia akiingia ndani anasema Kisukuma, haraka haraka, akieleza habari za keki ya tofali, na kicheko cha mkwe wangu kikafuata. Nilikuwa sijawahi kukisikia. Niliketi kwenye kigoda walichoniwekea nje, nikasikiliza.

Baada ya kitambo sauti ya mkwe wangu ikatoka mlangoni. Yeye mwenyewe hakuonekana.

"Baba," akaniita, kama wanavyomwita mkwe wa heshima. "Tunashukuru. Amerudi na mwili."

Nilikawia kujibu, kwa sababu nilikuwa namngoja mtoto anifikishie.

"Asante, mama," nikasema, nikitazama zizi. "Kuna jirani anamlisha vizuri."

"Krismasi aje tena. Asikae sana tu."

"Hatakaa sana, mama."

Nilifika Geita usiku umeingia. Asubuhi yake nilifungua kibaraza kama kawaida, nikapuliza vumbi kwenye cherehani, nikatafuta ovaroli niliyoiacha bila mkono mmoja. Jirani alipita na robota la vitenge kichwani, akienda sokoni. Akasimama.

"Umemfikisha salama?"

"Salama kabisa."

"Alilia kuachana nawe?"

"Hakulia. Alikimbia kwenda ndani."

Alinitazama kidogo, akalishika robota kwa mkono mmoja lisiteleze.

"Jumapili tunapika pilau," akasema. "Usibishe hodi ukabaki nje."

Akaenda zake. Nilitia uzi kwenye sindano, nikaulaza mkono wa ovaroli chini yake, nikakanyaga pedali huku nikihesabu siku zilizobaki mpaka Jumapili.