Mazishi Yasiyo na Rangi

Kwa miaka kumi na sita Zachariah Anyona wa Ogembo alikula kwa machozi ya watu, na mwaka wa kumi na saba chakula hicho kikaanza kumtapisha.

Kazi yake ilikuwa kupiga video za mazishi. Harusi alizipiga pia, lakini harusi zina msimu wake, kifo hakina. Na siku hizi, kutoka Mosocho hadi Nyamira, ni boma gani linazika mtu bila kamera? Kaka yuko Amerika, binti yuko Qatar, nao wanataka kuona. Basi Zachariah alizijua njia zote za mashamba ya majani chai, na kila njia aliikumbuka kwa maiti yake.

Kilichomtia kinyaa kwanza ni watu wenyewe. Kule Nyamira mwanamume mmoja alichelewa kufika kwa mazishi ya babake, akakuta jeneza limeshashushwa. Akamshika Zachariah bega. "Waambie hawa akina dada walie tena kidogo, na mimi nionekane." Wakalia tena. Wakalia vizuri kuliko mara ya kwanza. Mahali pengine mjane alizirai mikononi mwa wenzake, na alipolazwa chini akafungua jicho moja kuangalia kama taa nyekundu ya kamera inawaka. Waheshimiwa ndio usiseme. Wasaidizi wao walimvuta shati: "Umechukua mheshimiwa akimwaga mchanga? Hukuchukua? Basi ngoja, atamwaga tena."

Halafu kulikuwa na kazi ya studio. Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo, na humo ndimo wenye msiba walimfuata na maombi yao. Walitaka maua ya waridi yakianguka juu ya jeneza. Walitaka njiwa. Walitaka uso wa mjane ndani ya umbo la moyo. Siku moja kijana mmoja aliyefiwa na baba aliinama mbele ya kompyuta, akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Mpake mzee rangi kidogo mashavuni. Hapo anaonekana amekufa."

Zachariah alimpaka. Alisugua wekundu kwenye mashavu ya maiti kwa kidole kimoja juu ya kipanya, kisha akatoka nyuma ya duka akatema mate mara tatu. Mungu, aliwaza, ametupa mauti iwe somo, na sisi tumeifanya tamasha. Tangu siku ile alichukia rangi kama mtu anavyochukia harufu ya chakula kilichowahi kumwumiza tumbo. Mahema ya buluu, maua ya plastiki, tai za waheshimiwa, yote yalimjaa kooni.

Filamu zisizo na rangi zilimjia kwa bahati. Mjini Kisii kulikuwa na msichana aitwaye Phanice, mwenye kibanda cha kujazia watu sinema kwenye flashi, na siku moja alijaza ya Zachariah bila kuangalia. Zachariah alipoiwasha nyumbani, picha ikatokea nyeusi na nyeupe. Akaipiga tivi kofi. Akachomoa waya, akarudisha. Mamake, Nyakerario, aliyekuwa ameketi kwenye kochi lake, akamwambia, "Wacha kuipiga. Hiyo tivi haijakukosea."

Haikuwa filamu ya zamani. Magari yalikuwa ya juzi tu, na watu walishika simu za kupangusa. Aliyeitengeneza aliamua tu kuiacha bila rangi. Mwanamke mzee alikuwa amekaa jikoni anamenya viazi, na kamera ilimtazama dakika nne nzima bila kusogea. Hakuna muziki. Hakuna njiwa. Zachariah alishikilia rimoti mkononi akasahau kupumua.

"Huyu mama amefiwa," Nyakerario akasema. Kizungu hakukijua, na maandishi ya chini hakuyasoma.

"Umejuaje, Mama?"

"Tazama anavyomenya. Anamenya vya watu wawili."

Na kweli, filamu ilipofika katikati, ikawa hivyo.

Juma lililofuata alirudi kwa Phanice. "Niongezee za namna ile."

"Zipi, anko? Zile za tivi imeungua?" Phanice akacheka hadi akashika meza. "Hata nyanya yangu hatazami hizo. Watu wanalia nimewapa picha hafifu, wewe unataka nikutolee rangi!"

Lakini alimtafutia, akazipata kumi na moja, zote za miaka ya karibuni. Zachariah alipenda sana ile ya viazi, na nyingine ya ndugu wawili wanaobeba mlango wa mbao kuvuka mji mzima mvuani, na ya mzee anayefunga duka lake siku ya mwisho, anafuta kila rafu ingawa hakuna atakayekuja. Kila Jumapili, maadamu Jumamosi ilikuwa Sabato ya Bwana, alikaa na mamake wakazitazama. Alimwambia kwamba ndani ya filamu zile hakuna mtu aliyekuja ili aonekane. Nyakerario alisikiliza, akanywa chai yake. "Ni nzuri," alisema. "Hawana haraka." Zaidi ya hapo hakusema, na Zachariah akachukulia kwamba wanakubaliana.

Nyakerario alilala katika Bwana mwezi wa sita, baada ya siku tisa hospitalini.

Katika mkutano wa familia Zachariah alisimama akasema mambo mawili. Kwanza, atapiga video yeye mwenyewe. Pili, mwili utakapotazamwa, simu zote ziwekwe mfukoni. Hataki kuona watu wakijipiga picha na mamake kama wamekutana na mcheza mpira. Dada yake Bitutu, aliyemwuguza mama siku zote tisa, alimkatiza. "Na Mathew? Mathew ataona nini?"

Mathew alikuwa kaka yao mkubwa, mwaka wa kumi na nne Amerika, na makaratasi yake yalikuwa ya kuingilia tu, akitoka, harudi. Wakampigia simu. Sauti yake ilitoka kwenye spika kama ya mtu aliyefungiwa stoo. "Zachariah, mimi siji. Unajua. Sitaki kutazama laivu, nitakuwa kazini, na sitaki kulia mbele ya wazungu. Nichukulie wewe. Nitaitazama peke yangu."

"Nitakuchukulia," Zachariah akasema. "Na sitakuaibisha."

Asubuhi ya mazishi, kabla watu hawajafika, aliiweka kamera irekodi nyeusi na nyeupe. Angeweza kurekodi kwa rangi na kuiondoa baadaye studio, kama fundi yeyote mwenye akili. Lakini aliwajua jamaa zake. Wangeona rangi, wangedai rangi, na baada ya rangi wangedai njiwa. Picha ikiingia kwenye kadi bila rangi, hakuna wa kuirudishia. Alibonyeza kitufe, na boma lote likawa kijivu kwenye kioo kidogo cha kamera. Kwa mara ya kwanza tangu kifo kile, kichefuchefu kikamtoka.

Alifanya kazi siku ile kuliko siku zote za maisha yake. Hakumsogelea mwombolezaji hata mmoja. Alichukua sufuria kubwa zikifuka moshi, mikono ya wanaume wakichimba, migomba ikiguswa na upepo. Mheshimiwa mmoja alipokuja na watu wake, Zachariah alichukua viatu vyake tu. Baba yao mdogo, Mose, alimpigia kelele kutoka kwenye hema: "Wewe Zachariah! Mbona umesimama mbali hivyo kama mkwe? Huyu ni mama yako, si mama ya bibi yako!" Watu wakacheka hata pale kwenye huzuni. Zachariah alibaki palepale.

Jeneza lilipofunguliwa, mchungaji alitangaza habari ya simu, na watu wakatii. Zachariah alikuwa amesimama upande wa kichwani, kamera ikiwaelekea waliokuja kutazama. Hakutaka uso wa maiti. Alitaka nyuso za walio hai wakati wanapoinama, na alizipata, moja baada ya nyingine, kweli tupu.

Mstari ulipoisha, Mose akamwita tena, safari hii polepole. "Zachariah. Weka hiyo kitu chini, upite umuage mamako."

Zachariah aliinua kidole kimoja: ngoja. Bitutu alikuwa bado ameinama, na picha ilikuwa nzuri mno. Kisha Bitutu akainuka, na mafundi wa jeneza, waliokuwa na mazishi mengine Keroka, wakalifunga.

Alihariri kwa siku sita bila kuongeza kitu. Bitutu alipoiona, alisimama kabla haijaisha. "Umempigia Mama filamu kama picha ya kitambulisho cha zamani. Na yeye mwenyewe hata hayumo." Akatoka, na hawakusemezana tena. Zachariah alimsikitikia kwa kutoelewa, akamtumia Mathew video ile.

Mathew alipiga simu siku mbili baadaye, saa kumi jioni, asubuhi kwake. Zachariah alikuwa bomani, ameketi kwenye kiti cha mamake. Alingoja sifa.

"Nimeitazama yote," Mathew akasema. "Saa mbili na nusu. Mama yuko wapi humu?"

"Nilitaka uone wanaomlilia. Uso wa maiti ni kitu cha—"

"Nimewaona. Nimewaona watu wote wa Ogembo. Viatu vya mheshimiwa nimeviona. Zachariah, mimi sikukuomba sinema. Nilikuomba Mama. Sikumwona akizeeka, nikasema basi nitamwona akizikwa. Na simu za watu ukazikataza. Hakuna hata picha moja. Nimeuliza kila mtu."

"Kuna mahali Bitutu ameinama," Mathew akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba maji. "Hapo chini ya picha inaonekana ncha ya kitambaa cha kichwa. Nimeisimamisha hapo tangu jana. Niambie tu, hicho kitambaa kilikuwa rangi gani?"

Zachariah akakitafuta. Alifumba macho akarudi pale kichwani pa jeneza, akainama, akatazama, na alichokiona ni kijivu. Alitafuta gauni, kijivu. Alitafuta uso, hakuupata kabisa. Alikuwa amekaa nao hatua mbili kwa muda wa saa nzima, jicho likiwa kwenye kioo kidogo, na hakuinua kichwa. Miaka yote hiyo aliwatemea mate waliokwenda mazishini bila kumtazama marehemu, na yule kijana aliyeomba mashavu mekundu angalau alimtazama babake.

Kile kinyaa alichokuwa amekizoea kikapanda tena kooni, ila safari hii hakikuwa na mahali pa kwenda nje yake.

"Ngoja," akasema.

Bitutu alikuwa nyuma ya jiko, ungo mapajani, anachambua maharagwe. Alimwona akija, akaendelea kuchambua. Zachariah aliiweka simu kwenye spika, akaisimamisha juu ya gogo.

"Mathew anauliza kitambaa cha Mama kilikuwa rangi gani."

"Si ulikuwa hapo?"

Zachariah aliangalia maharagwe. Bitutu alimwinulia macho, akamtazama kwa muda, na Zachariah akaona anaelewa, na akaona mdomo wake unavyojikunja, kama wa mtu aliyeuma haragwe bovu. Aliupokea ule mkunjo. Ulikuwa haki yake.

"Ya manjano," Bitutu akasema, akiiambia simu. "Manjano kabisa, kama ua la malenge. Nilimwambia, Mama, hiyo inapiga kelele. Alikuwa bado anaongea, ni siku ya saba ya hospitali. Akasema, 'Niwekee hiyo hiyo. Siku parapanda ikilia, nisitafutwe.'"

Kwenye simu Mathew alicheka, na cheko likamkatikia katikati. Bitutu alijipangusa kwa mkono wenye vumbi la maharagwe.

Zachariah alikaa chini, kwenye majani, na suruali yake nzuri. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya manjano. Wala hakuwa ameuliza.

"Na gauni?" Ni yeye aliyeuliza, si Mathew. "Bitutu. Na gauni?"

Bitutu aliusukuma ungo kando.

"Sikilizeni basi," akasema, "nyote wawili."