Mto, Ludi!

Harufu ya majani mabichi yakiungua hunirudisha Naguru, kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba zetu za polisi, ambako watu wa televisheni walitengeneza ukungu wa nchi isiyokuwapo. Nilikuwa na miaka tisa, na katika tamthilia yao nilikuwa Tone: mtoto aliyeokotwa ukingoni mwa mto, akalelewa na mjane mfinyanzi aliyemficha ndani ya mtungi kila askari wa mfalme walipopita, maana mtoto yule aliyaamuru maji nayo yakatii. Mimi, binti wa askari, nawakimbia askari! Baba alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Nguvu zote za Tone zilikuwa katika maneno mawili. Mto ungefurika, kijiji kingepiga yowe, naye angeinua mkono: "Mto, rudi!" Basi nikainua mkono, nikaita kwa madaha yote, "Mto, ludi!" Wapiga picha wakaangua kicheko. Baba ni mtu wa kaskazini, mama ni Muganda wa Lubaga, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha nyumbani. Ila ulimi niliurithi kwa mama, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwongozaji, Mkenya mpole, akamwambia mama yangu, "Mama, kesho asubuhi tutajaribu mara ya mwisho. Ikishindikana, itabidi nimchukue yule msichana mwingine." Nililia, nikakataa hata muhogo. Nilimpenda Tone kwa sababu moja tu: akisema, anasikilizwa.

Jioni ile mdogo wangu akatimua mbio kuelekea barabarani. "Kisakye, rudi!" nikamfokea. Mama akaacha kukaanga.

"Eh! Sema tena."

"Kisakye, rudi."

"Umesikia? Hiyo iko sawa. Sasa wewe achana na mto. Ita maji. Majirudi, pamoja, usipumzike katikati."

Mama hakusomea lugha. Alijua tu ulimi wetu unateleza wapi na unashika wapi: baada ya a, o au u, r yetu huteleza ikawa l; baada ya e au i, hushika. Tulikariri mpaka muhogo ukaungua. Asubuhi nikainua mkono, "Maji, rudi!" na mwongozaji akaruka kwa furaha. Mcheza kwao hutunzwa: wake wa askari walinivika leso tatu shingoni, nikatembea nazo kutwa nzima katika jua kali.

Siku hizi nasoma habari za Kiswahili redioni, na matamshi yangu yamenyooka kama gwaride. Watu huuliza nilisomea wapi. Nawajibu, kando ya karai la mafuta, na namshukuru Mungu kwa mwalimu yule. Sasa anaishi Lubaga, kwao. Kila Jumapili nikimuaga husimama mlangoni, ameshika nguzo, ananiambia, "Mwanangu, ludi." Sijawahi kumsahihisha. Mto wa Tone haukunisikia hata siku moja. Maji yale yalirudishwa na mafundi wa kompyuta. Mimi nikiitwa hivyo, narudi.