Turubai la Lori la Rulenge

Vita vya Kagera vilikuwa vimechukua malori karibu yote, kwa hiyo la kijiji chetu ndilo lililowapeleka wakimbizi wa Burundi kupimwa afya Rulenge, wapate kuhamishiwa makazi mapya. Nami nilipewa lifti. Bibi mmoja aligoma kupanda.

"Kwetu, lori lililofunikwa hivi liliwachukua wanangu. Hawakurudi."

Dereva hakubishana. Alilikunja turubai lote.

"Shikamoo, bibi. Sasa utaiona njia yote."

"Marahaba," akajibu, akapanda.

Tulikula vumbi hadi Rulenge. Wakati wa kurudi mvua ikaanza. Dereva alisimamisha lori, akaja nyuma, akangoja huku akilowa, bila kuligusa turubai. Wakubwa wanaotuhutubia tuwaamini sijawaona wakingoja hivyo.

Bibi akamtazama.

"Funika, mwanangu. Watoto wanalowa."