Daftari Alilobaki Nalo Mwalimu

Jumanne, tarehe tisa Aprili. Manyunyu tangu alfajiri, na vumbi la Garissa limelala. Mjukuu wangu ameniletea kazi yake ya Kiingereza: aandike maneno matatu ya kumwita mgeni. Nikamtajia visitor, guest na stranger, ingawa hilo la tatu liliwahi kutuponza.

Nilisoma madarasa manne tu, nikikosea unisamehe. Ilikuwa miaka ile ya vita vya shifta, serikali ikiwasaka waasi huku kwetu. Mwalimu wetu alitoka bara, kijana mpole, kaptula yake imepigwa pasi hata siku ya upepo. Alitufundisha kwamba maneno hayo hayalingani: guest umemkaribisha, stranger humjui. Akatuambia tutunge sentensi. Nikaandika kweli tupu, kwamba nyanya alimpa stranger maziwa.

“Alikuwa nani?” mwalimu akaniuliza.

“Sijui, mwalimu. Kwetu mtu haulizwi mpaka anywe.”

“Na alipokunywa?”

“Alienda zake.”

Hakucheka. Alilifunga daftari langu, akabaki nalo.

Nyumbani nilimsimulia nyanya. Alikuwa akitikisa kibuyu cha maziwa, mkono ukasimama. “Kumbe tunalea karani wa serikali,” akasema. Siku hizo boma lililosemekana kumlisha shifta lilinyang’anywa mifugo yote na askari. Nikamtetea mwalimu, nikasema ni mpole. Akanijibu kwamba chui naye hutembea polepole. Kabla ya magharibi mjomba alikwisha kuwaswaga mbuzi wetu wote kuelekea Balambala akawafiche, nasi tukabaki tukisikilizia malori ya askari.

Askari hawakuja. Siku ya tatu mwalimu alinirudishia daftari. Neno stranger alikuwa amelikata kwa wino mwekundu, juu yake ameandika guest, na pembeni tiki. Mpaka leo sijui kama alisahihisha Kiingereza changu au alitukinga. Huenda alikuwa na madaftari mengi tu. Siku zile tatu hata mimi nilikwisha kumdhania mabaya, na aliondoka shule ilipofungwa kabla sijamwomba radhi.

Mjomba alirudi peke yake. Alisema mbuzi walichukuliwa njiani. Jirani akanong’ona kwamba aliwauza. Sikuwepo, siwezi kusema. Ninachojua ni kwamba tangu hapo nyanya alianza kuuliza mlangoni, “Wewe ni nani, umetoka kwa nani?” na hakuuacha mtindo huo hadi kufa kwake. Nami nauliza vivyo hivyo.

Jioni ile aliporudi mjomba tulikula ugali kwa chai ya rangi, maana maziwa yalikwenda na mbuzi. Naye alikula nasi, na hakuna aliyemtazama usoni.