Mkwe Haguswi

Milembe alipokuja kuniomba kazi, nilimkatalia. Nilimwambia wanafunzi wa chuo cha afya nawajua: wiki ya kwanza wanaosha sahani, wiki ya pili wanasinzia juu yake. Alichukua ufagio uliokuwa mlangoni akaanza kufagia mgahawa wangu, kana kwamba mimi sipo. Niliudhika, kisha nikampa aproni.

Mimi ni Mama Salu. Mgahawa wangu uko Bariadi mjini, si mbali na stendi. Nauza wali, ugali, samaki na nyama ya kuchemsha, na mdomo wangu unajulikana kuliko mapishi yangu. Milembe ameolewa Kalemela, kule Busega kando ya ziwa, na mumewe Mboje ndiye aliyemruhusu aje kusomea uuguzi. Ambaye hakuridhika ni baba mkwe, Mzee Mhoja. Alisema mbele ya ukoo kwamba binti aende, lakini siku atakayosikia jambo la aibu, atamfuata mwenyewe amrudishe. Basi yule msichana akawa anaishi Bariadi kama mpangaji wa nyumba inayouzwa.

Asubuhi darasani, mchana kwangu. Mwanzoni vyote viwili vilimshinda. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, naye alikuwa ametoka shule ya kata ambako hata mwalimu wa Kiingereza alifundisha kwa Kisukuma. Nilimkuta jikoni anakata vitunguu huku akinong'ona majina ya mifupa. Akichanganya oda za wateja nilimfokea, akikosa jibu darasani alifokewa huko, na usingizi ukabaki kuwa ndoto.

Kilichomtesa zaidi ni vitendo. Mwalimu wao, Madamu Harieth, mtu wa Moshi, aliwapanga wawili wawili wajifunze kumwokoa mtu aliyesakamwa na chakula. Unasimama nyuma yake, unamzungushia mikono, unakunja ngumi juu kidogo ya kitovu, kisha unavuta kwa nguvu kuelekea ndani na juu. Milembe alipangwa pamoja na mvulana, akagoma kumshika. Madamu akamwambia asiyeweza kumshika mtu arudi kwao akashike jembe. Alifika kwangu macho mekundu.

"Maji umeyavulia nguo, mwanangu," nilimwambia. "Yaoge."

Kesho yake alimshika yule mvulana, akafaulu.

Ijumaa moja, mgahawa umejaa, akaingia mzee mrefu mwenye kofia na fimbo. Milembe alimwona kabla yangu. Alichuchumaa nyuma ya kaunta akanivuta kanga.

"Mama, yule ni baba mkwe."

"Kamwamkie. Utachuchumaa hapo mpaka lini?"

Alitoka, akapiga magoti mbali naye, macho sakafuni. "Mwadila, baba."

"Mwadila," alijibu mzee, kisha akanigeukia mimi, akaniita mama kwa Kisukuma. "Mayu, huyu ni mke wa mwanangu. Nimeambiwa anahudumia wanaume hotelini, nami sasa nimeona. Nipe chakula. Nikimaliza, afunge vitu vyake tuwahi gari la Lamadi, turudi nyumbani."

Nilitamani kumtoa na fimbo yake. Lakini mteja ni mteja. Kwetu Wasukuma mke wa mwana hashikani mkono na baba mkwe, wala hakai akimtazama anakula, kwa hiyo Milembe alikwenda jikoni kukusanya vitu vyake, nami nikahudumia. Nilimpakulia mzee nyama nyingi, vipande vikubwa vikubwa. Nilitaka achelewe gari.

Alikula kwa haraka, kama mtu mwenye safari. Ghafla akasimama. Mikono ilikuwa shingoni, mdomo wazi, sauti haitoki. Mteja mmoja akamletea maji, mwingine akampiga utosini, mwingine akaanza kusali. Mimi nilipiga kelele nikimwita Milembe.

Alitokea kwenye mlango wa jikoni akaganda hapo hapo. Nilimwona usoni kwamba anajua la kufanya.

"Mshike!" nikamwambia.

"Mama, ni baba mkwe!"

"Mkwe haguswi," akasema mteja mmoja mzee kutoka Nyalikungu, bila hata kuacha tonge lake.

"Basi nielekeze mimi!" nikamwambia Milembe.

Alinielekeza kutoka mlangoni. Nilimzungukia mzee nikamkumbatia, lakini yeye mrefu, mimi mfupi na mnene, nikawa navuta kama mtu anayejifunga mkanda.

"Siyo hapo, mama! Juu ya kitovu! Vuta juu!"

Sikuweza. Midomo ya mzee ilibadilika rangi, magoti yakaanza kulegea. Nilihisi uzito wake wote ukinielemea na nikajua anafia mikononi mwangu.

Milembe akaja. Alinisukuma pembeni, akamzungushia mikono baba mkwe wake mbele ya mgahawa mzima, akavuta. Hakuna kitu. Akavuta tena. Mara ya tatu kipande cha nyama kiliruka mpaka meza ya jirani, na mzee akavuta pumzi kwa mlio ambao sitausahau.

Ndipo Milembe akaona mikono yake ilipo. Alimwachia taratibu, mzee akaegemea kiti, naye akajifunika kanga kichwani, akarudi jikoni huku ameinama.

"Hapo ni mbuzi," akasema yule wa Nyalikungu. "Aliyevunja mwiko hutoa mbuzi kuondoa aibu. Na wengine hurudishwa kwao kabisa."

Nilimwambia ale anyamaze, asije akasakamwa na yeye, maana wa kumwokoa hayupo.

Mzee Mhoja aliketi, kofia imefunika uso. Alikunywa maji kidogo kidogo. Kisha akainuka, akasimama akiupa mgongo mlango wa jikoni, akasema na mimi kwa sauti ya kukwaruza.

"Mayu, mwambie mbuzi natoa mimi. Mimi ndiye niliyemfuata huku."

Akaokota fimbo yake.

"Na mwambie abaki asome. Atakayeuliza, aje aniulize mimi."

Akatoka, akakata kushoto kuelekea stendi, peke yake.

Niliingia jikoni. Milembe alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele, begi limefungwa, liko mapajani. Hakuwa amesikia neno, kanga ilikuwa bado imemfunika masikio.

"Gari limefika, mama?"

"Limefika, na kaondoka nalo mwenyewe. Mbuzi anatoa yeye. Wewe amesema usome."

Nilisubiri alie, au acheke, au anishukuru.

"Anapumua vizuri?" akauliza.

Nilimwambia anapumua, kisha nikalia mimi.