Kilima cha Kwenda kwa Bibi

Sisi tuliokwenda shule na jembe begani na fagio mkononi hatuna haja ya kuelezwa kutembea ni nini. Nakumbuka nikiwa na miaka mitano tulivyokipanda kilima cha kwenda kwa bibi kule Kyela, mimi na dada Atu, na ndizi za kuchemsha zimefungwa kwenye jani la mgomba. Jasho linatiririka, pumzi zinapaa, halafu unafika kwenye jiwe pana na Ziwa Nyasa lote liko chini yako. Mama alikuwa akituonya, "Msikae kabla ya jiwe, mtalala njiani."

Hadithi hiyo nimewachosha nayo wanangu hapa Mbeya. Watoto wa siku hizi ukiwatuma dukani wanauliza nauli ya bodaboda. Mwaka huu nikaamua kumpeleka binti yangu aone baba yake alikotembea. Dada Atu naye, pamoja na magoti yake mabovu, akataka kuja.

Nilitangulia kwa mbwembwe. Penye mkuyu nikakata kushoto, nikatokea kwenye shamba la kakao la watu. Nikarudi, nikakata kulia, nikakuta korongo. Nilichanganyikiwa. Jiwe nalikumbuka, ziwa nalikumbuka, lakini njia yenyewe siijui hata hatua moja. Binti yangu alikuwa akicheka chinichini.

Dada akapita mbele na fimbo yake bila kuuliza mtu. Nusu saa baadaye tulikuwa juu ya jiwe.

"Dada, mbona mimi hii njia siijui?"

"Utaijuaje na ulikuwa mgongoni? Miguu yako ilijaa funza, mama akaniambia nikubebe. Hiki kilima hujawahi kukipanda wewe."

Nilitaka kubisha. Nikafumba macho kulitafuta ziwa langu la utotoni, na mbele yake nikaona kitu ambacho kumbe kilikuwepo siku zote: shingo yenye jasho na nywele zilizosukwa mistari. Hata zile pumzi nilizojisifia zilikuwa zake. Alikuwa na miaka kumi na moja. Niliona aibu.

Zamani tulitembea, siku hizi wanabebwa. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wanangu. Sasa sijui niwaambie nini.

Wakati wa kushuka nilichuchumaa mbele yake. "Panda, dada."

"Mdogo wangu, tutaanguka wote," akasema, akicheka.

Akaniwekea mkono begani tukashuka taratibu, nami nikamwomba anisimulie utoto wangu, kuanzia mwanzo.